Mbegu Zilizoning'inia Jikoni kwa Bibi Masizi

Ukitaka kumjua jirani yangu, anzia jikoni kwake. Jiko lenyewe liko nje, nyuma ya nyumba ya bati aliyojengewa na mwanawe. Ni kibanda cha udongo chenye mlango mfupi, na hata mimi ambaye si mrefu huingia nimeinama kama mtu anayekwenda kutubu. Ndani ni giza hata mchana. Juu ya mafiga kuna dari la miti lililoshika masizi ya miaka na miaka, mpaka linang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Ukitoka humo, oga upendavyo, watu watajua tu ulikuwa wapi. Yeye mwenyewe hunukia moshi hata siku ya ibada akiwa amevaa gauni lake la heshima, na watoto wa kijiji ndio waliomwita Bibi Masizi. Siku alipolisikia jina hilo aliwaita waje. Tulidhani anakwenda kuwachapa. Akafukua viazi vitamu majivuni, akawagawia. "Kuleni, wajukuu wa Masizi." Jina likamkaa.

Nilipoolewa hapa, kati ya nyumba na nyumba palikuwa na shamba zima, na kumwomba jirani chumvi ilikuwa safari. Barabara ilipochongwa, watu wakaja. Akaja mwenye mashine ya kusaga na mkewe, wakaja walimu, kinyozi, mama wa saluni, na wengine ambao mpaka leo nawajua kwa sura tu. Nguzo za umeme zikasimama katikati ya mahindi. Nyasi zikashuka mapaani, bati zikapanda. Majiko ya kuni yakabomolewa, watu wakaanza kupikia mkaa na gesi. Mimi pia nililibomoa langu na kumshukuru Mungu, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamechoka kulia bila msiba.

Ila kuna jambo ambalo hatukulifikiria, nalo ni mbegu.

Sisi mbegu ya mahindi huichagua shambani. Unatafuta hindi lililojaa punje mpaka nchani, unalifunua maganda bila kuyakata, unayasuka maganda yale kama nywele, kisha unalining'iniza juu ya moto. Moshi ndio dawa yake, dumuzi, yule mdudu wa ghalani, hagusi. Sasa ukishabomoa jiko la kuni, mbegu utaining'iniza wapi? Juu ya televisheni? Ni kweli madukani mbegu zipo, na wengi tunanunua. Lakini kila nyumba ina hindi lake ambalo haitaki kuachana nalo. Hili lina utamu likichomwa bichi, lile linavumilia jua, na jingine halina sifa yoyote ila lilikuwa la mama.

Basi mmoja mmoja tukaanza kwenda kwa Bibi Masizi, ambaye mafiga yake hayajawahi kupoa.

"Dada, niwekee haya mpaka mvua zije."

"Panda mwenyewe uning'inize. Ngazi ile pale. Ukianguka usiseme nimekusukuma."

Kila nyumba ilifunga mahindi yake kwa kitambaa chake. Sisi tulitumia kipande cha sare ya shule, kijani. Mke wa mwenye mashine alitumia utepe mwekundu, maana yeye kila kitu chake lazima kionekane. Ukiinua macho ulikiona kijiji chote kikining'inia, na hakuna aliyewahi kuuliza lipi la nani. Kila nyumba mpya ilipojengwa, dari la yule mama lilizidi kuinama.

Kwenye pembe, karibu kabisa na moshi, yalikaa mahindi ya fundi seremala, yamefungwa kwa kipande cha gauni la mkewe, chenye maua madogo ya zambarau. Mkewe na Bibi Masizi walikuwa chanda na pete. Alipofariki, Mungu amrehemu, mumewe alijifungia katika kazi. Atakutengenezea mlango, ataleta na kuufunga, ukimwambia karibu chai atakujibu, "Nina kazi, mama," na hana kazi. Hakuingia tena nyumba ya mtu kama mgeni. Siku ya kuleta mahindi yale na siku ya kuyachukua, hizo ndizo siku alizoongea zaidi ya salamu. Mahindi yenyewe yalikuwa meupe tu, kama meupe ya watu wengine. Mkewe ndiye aliyeyapanda tangu alipoletwa hapa, na fundi aliendelea nayo.

Mwana wa Bibi Masizi ni dereva wa lori, leo yuko huku kesho yuko kule. Alipooa alimleta mkewe aishi na mama. Binti wa watu ana heshima, mikono yake haitulii. Alikulia mjini, mahali ambapo mahindi huja yakiwa ndani ya gunia, yameshapukuchuliwa. Sisi tuliendelea kumwita bibi harusi hata baada ya ndoa kuzoeleka, na yeye alicheka nasi. Lakini siku moja tukichota maji aliniambia neno lililonichoma.

"Mama, mimi sijui kama nimepokelewa."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Mama haniachii jiko. Nikiingia ananitoa."

Nilimweleza kwamba yule mama anamwonea huruma, hataki moshi umharibie macho. Akasema, "Ndiyo, mama," kwa ile sauti ya mtu ambaye hakuamini.

Mwaka huo, mvua zikiwa karibu, binti wa Bibi Masizi alijifungua huko alikoolewa, na mama akaitwa akamlee mzazi. Aliondoka mbio mbio, kanga moja begani nyingine kichwani. Akiwa mlangoni alimgeukia mkamwana wake.

"Mwanangu, nakuachia jiko. Moto usizimike. Mengine nitayakuta."

Nilikuwepo, nilisikia. Naye binti alisikia, ila katika yote alisikia lile moja tu, kwamba ameachiwa jiko. Uso wake ulifunguka kama dirisha.

Mimi siku zilizofuata nililala na homa, sikutoka. Nilipopata nafuu, siku ya kwanza ya kunyoosha miguu ndiyo aliyorudi Bibi Masizi. Nilimkuta anashuka garini, nikampokea mfuko, tukaja tunaongea habari za mtoto, jinsi alivyochukua pua ya babu yake, masikini, mtoto wa kike. Tukakata kona ya uani tukicheka.

Kwenye kamba ya nguo vilikuwa vimeanikwa vitambaa vidogo vidogo, safi, vimepangwa vizuri kwa ukubwa. Nilitaka kusema huyu bibi harusi anashonea wanasesere. Kisha nikaiona kijani yetu. Pembeni yake utepe mwekundu unapepea. Na mwishoni, maua ya zambarau.

Bibi Masizi alisimama, mkono kifuani.

Binti akatoka jikoni anakimbia, masizi mpaka kwenye nyusi. "Karibu mama! Karibu! Moto haukuzimika hata siku moja!" Akampokea, akamkalisha, akamletea maji. Halafu akamshika mkono kumpeleka ndani aone. Dari lilikuwa limefagiwa, tupu. Chini palikuwa na gunia lililojaa punje zilizopepetwa, hakuna hata ganda moja.

"Nimepukuchua yote, mama. Niliona umeyaacha huko juu yanakauka na huna wa kukusaidia. Na vile vitambaa nimevifua, vilikuwa na masizi. Bado kwenda kusaga tu."

Bibi Masizi aliitazama ile mikono iliyokuwa imeshika mdomo wa gunia. Viganja vilikuwa vimejaa malengelenge, mengine yamepasuka.

"Umechoka, mwanangu," akasema. "Kaa kwanza."

Hakumwambia. Alinitazama mimi, na kwa macho akaniomba nami nisimwambie, walau binti anywe maji kwanza.

Lakini mke wa mwenye mashine ana macho marefu. Aliuona utepe wake kutoka barabarani, akaja mpaka uani anauliza kwa sauti ya sokoni.

"Hodi hapa! Mbona utepe wangu unaoga peke yake? Mahindi yangu yako wapi?"

Binti akamjibu kwa furaha, "Yamo kwenye gunia, mama, nimeshapukuchua."

"Umepukuchua mbegu?"

"Mbegu gani?"

"Yesu na Maria! Bibi harusi, wewe umepukuchua kijiji kizima!"

Hapo ndipo binti alipoelewa. Nilimwona akitazama lile dari, halafu gunia, halafu vile vitambaa, kimoja kimoja. Hakulia. Aliingia ndani ya nyumba, na nilipomfuata nilimkuta anakunja nguo zake, anazitia kwenye begi.

"Narudi kwetu, mama. Mama mkwe atakuwa na uso gani mbele ya watu kwa ajili yangu?"

Nilimwomba asiondoke kabla ya kuagana na mama mkwe wake. Nilijua kuaga kungechukua muda, na muda ndio niliokuwa nautafuta. Nikaliegemea lile begi, nikamwomba Mungu kimoyomoyo.

Habari ilitembea haraka kuliko sisi. Kufikia asubuhi ya pili uani palikuwa pamejaa wanawake. Bibi Masizi alitandika mkeka, akamwaga lile gunia lote, akasema, "Jamani, yaliyopotea yamepotea hapa hapa, hayakwenda mbali. Kaeni tuchague." Tukakaa. Punje nyekundu zilitoka, za njano zilitoka, zile zenye madoadoa zilitoka. Binti alichagua pamoja nasi, kichwa chini, viganja amevifunga vitambaa.

"Hii ya njano yangu," akadai mke wa mwenye mashine.

"Yako ilikuwa njano iliyoiva. Hii ni njano ya homa," mama wa saluni akamjibu.

"Wewe umeijuaje ya kwangu?"

"Kila siku si unatutangazia?"

Watu wakacheka, naye akacheka, kwa sababu hana roho mbaya, ni mdomo tu. Lakini kicheko kilipoisha, rundo kubwa lilibaki katikati ya mkeka. Meupe. Nyumba nyingi zilikuwa na mahindi meupe, na hakuna mama aliyeweza kuinua punje moja akaapa kuwa ni yake. Tulikuwa tunalitazama rundo lile, na nadhani sote tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja.

Alikuja mwenyewe, fundi, na kopo lake la kuchukulia mbegu. Mawingu yalikuwa yamejipanga kule mlimani. Alipofika alisimama pembeni kama kawaida yake. Bibi Masizi alimweleza yote, hakumficha, hakumlaumu mtu. Akakiondoa kile kitambaa cha zambarau kwenye kamba, akampa. Fundi akakipeleka puani. Kilinukia sabuni.

"Yamo humu?" akauliza.

"Yamo, shemeji. Yote yamo."

"Lakini siyajui."

"Hata mimi siyajui."

Binti akainuka, akaja kupiga magoti mbele yake. "Baba, ni mimi niliyefanya. Mama hakuwepo. Mimi naondoka leo, lakini nisingeweza kuondoka bila kukuomba msamaha."

Fundi aliiona ile mikono iliyofungwa. Akainama, akakifungua kitambaa cha mkono mmoja taratibu, kama anayefungua kifurushi cha misumari midogo.

"Ulipukuchua kwa kidole gumba?"

"Ndiyo, baba."

"Yote? Hukusugulia gunzi?"

"Gunzi linasugua vipi?"

Akageuka kwa Bibi Masizi. "Shemeji, huyu mtoto mmemwachia bila kumfundisha kitu."

"Ni kweli," akasema Bibi Masizi, na machozi yakamtoka. "Nilikuwa namwonea huruma ya moshi. Nikamwachia moto, sikumwachia maneno."

Fundi akachovya kopo lake kwenye lile rundo jeupe, likajaa. Akakitia kile kitambaa mfukoni. "Pandeni," akatuambia, "mvua hii haina subira." Akaenda zake. Hakusema amesamehe, hakusema hajasamehe.

Tukagawana meupe yale kwa makopo, kila mmoja alivyojaliwa. Hata mwalimu wa kike aliyehamia juzi, ambaye hakuwa na lake darini, alipewa kopo na kuambiwa naye ajaribu. Mvua ikanyesha kabla hatujamaliza kukaza mipini ya majembe.

Binti hakuondoka siku ile kwa sababu ya kupanda. Hakuondoka baada ya kupanda kwa sababu ya kupalilia. Bibi Masizi kila siku alimtafutia kazi, na safari hii kazi zilikuwa za jikoni. Alimfundisha kuni zipi zina moshi mwema na zipi zinawasha macho, namna ya kukaa upande ambao upepo hautakufuata, na namna ya kusuka maganda. Nilikuwa nawasikia kutoka kwangu wakibishana juu ya chumvi, nikasema moyoni, hao sasa ni mama na mwana. Lakini nilipoingia chumbani kwa binti kumjulia hali alipokuwa na mafua, niliona begi liko palepale chini ya kitanda, limefungwa.

"Bado tu?" nikamuuliza.

"Yule baba hajasema neno, mama. Akinipita njiani anaitikia salamu, basi. Nikibaki, kila mwaka atakuja na kopo lake anione mimi."

Nilimuuguza mafua, jibu nikamwachia Mungu.

Mahindi yalipobeba, yalipoanza kutoa ndevu na kukaza punje, siku moja jioni jua likiwa bado lipo nilisikia hodi mlangoni kwangu. Nikafungua. Fundi seremala, kofia mkononi.

"Kuna mlango umeharibika?" nikamuuliza, maana sikuwa na wazo lingine.

"Hapana, mama. Nimekuja kuonja." Akasita. "Lile la mama watoto lilikuwa na utamu wake. Nimeshaonja la kwangu shambani. Lipo, lakini kidogo. Nikasema mengine yatakuwa kwenu."

Nikamkaribisha, akaingia. Nilichoma mahindi, na mume wangu, ambaye hakuwa amekaa naye tangu msiba, akatoa kigoda. Akatafuna polepole, amefumba macho. "Hapa limepita," akasema. "Asanteni." Kesho yake alikuwa kwa mama wa saluni. Kesho kutwa kwa mwalimu, ambaye aliogopa akadhani anadaiwa. Kwa mke wa mwenye mashine alikaa mpaka wakamaliza sufuria zima, na yule mama akazunguka kijiji kututangazia, "La kwangu kasema limekaribia kabisa! Nyie la kwenu kasema nini?" Ikawa ni utani wa kijiji. Ukimwona fundi anakatiza shamba lako unamwita mwenyewe, "Fundi, njoo utafute mke wako huku!" Naye anacheka. Nilikuwa nimesahau kuwa meno yake ya mbele yana pengo.

Kwa Bibi Masizi alifika mwisho. Nilikuwepo, nimekwenda kuomba kaa la moto, kwa kuwa gesi iliniishia. Aliinama akaingia jikoni kwenyewe, akakaa karibu na mafiga. Binti alikuwa anageuza hindi kwenye makaa. Akalikung'uta majivu, akampa kwa mikono miwili.

Fundi akatafuna. Akatafuna tena. Moto ulikuwa unalia taratibu, na Bibi Masizi ameshika mwiko hapiki kitu.

"Hili ndilo," akasema.

Mimi nilionja hindi la mstari uleule. Lilikuwa tamu, kama langu lilivyokuwa tamu, na zaidi ya hapo siwezi kusema. Sikumuuliza fundi, wala hakuna aliyemuuliza.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kitambaa cha maua ya zambarau. Akamwekea binti kwenye kiganja, pale palipokuwa na malengelenge, sasa pamekuwa pagumu kama pa mkulima.

"Yakikauka, chagua wewe. Usuke wewe, na ufunge wewe. Mimi macho yangu siku hizi hayaoni vizuri humu gizani."

"Baba, mimi?"

"Umeshayashika yote, hindi kwa hindi. Nani mwingine anayajua kama wewe?"

Binti akakifunga kitambaa kwenye kidole, akakifungua, akakifunga tena. Machozi aliyoyazuia tangu siku ya gunia yakamshuka yakachora njia kwenye masizi. Bibi Masizi akamfuta kwa pembe ya kanga, na kwa kuwa kanga yenyewe ilikuwa na masizi, akazidi kumpaka.

"Basi na wewe umeshakuwa Masizi," nikasema, tukacheka sote hata pumzi ikatuishia.

"Sasa sikia," akasema mama mkwe wake, akimwelekezea mwiko. "Mwaka huu ukiyapukuchua haya, utakwenda wewe kumlea yule mjukuu, mimi nibaki hapa nilie mwenyewe."

Nilipoinuka na kaa langu, fundi alikuwa bado amekaa. Binti akamwuliza kama atakunywa chai, akasubiri jibu lile tunalolijua wote. Fundi akasogeza kigoda chake karibu na moto.

"Iwe na sukari," akasema.

Alikunywa, akanyoosha kikombe kiongezwe.